Curtis Mayfield: sauti laini, maneno mazito, hakimiliki mkononi (uzi mrefu)

Wakuu, salaam.

Kwenye ule uzi wa Marvin Gaye nilisema kwamba kwa soul (muziki wa weusi wa Marekani uliotokana na injili) yenye ujumbe, Curtis Mayfield, mwimbaji na mtunzi wa Chicago, alitangulia, na msimamo wake ulikuwa wa muda mrefu kuliko wa wengi. Nikapewa kibano cha haja. "Lete uzi wake basi tuone." Haya, huu hapa. Vuteni viti, ni mrefu.

Kwanza mliosema hamjawahi kumsikia: mmemsikia. Kila aliyepanda daladala au matatu ya vijana wa rege na kukutana na One Love ya Bob Marley amemsikia Curtis bila kujua. Kipande cha wimbo ule kimetoka kwake. Nitafika huko, msiniwahishe.

Hoja yangu ni moja. Curtis anasifiwa kwa mashairi yake ya haki za watu weusi wa Marekani, na kweli aliyaandika. Lakini wapo walioandika mashairi makali kuliko yake, wakafa hawana kitu huku nyimbo zao zikiwatajirisha wengine. Curtis alijua mapema, akiwa kijana mbichi kabisa, kwamba mwenye karatasi ndiye mwenye wimbo. Kwa hiyo kila alichokuja kusema baadaye, alikisema akiwa hana bosi wa kumwambia "huu mstari toa".

Tuanze.

Alizaliwa Chicago tarehe 3 Juni 1942. Baba aliondoka nyumbani Curtis akiwa bado mdogo, mama akabaki kulea peke yake, maisha ya kuhamahama na kubanana. Ujanani wakapata nafasi kwenye nyumba za serikali za Cabrini, kaskazini mwa jiji, zile ambazo baadaye zilikuja kuunganishwa na maghorofa na kuitwa Cabrini-Green. Aliyewahi kusoma habari za umaskini na magenge ya Chicago lazima amekutana na jina hilo.

Mtu muhimu hapa ni bibi yake, Annie Bell. Bibi alikuwa mhubiri, ana kanisa lake dogo la kiroho linaitwa Traveling Souls. Curtis alikulia humo. Ndiyo maana hata akiimba habari za wauza unga, bado unasikia mtu aliyefundishwa kuongea na mkutano: anaeleza, anaonya, hatukani. Kwenye mazingira hayohayo ya injili akakutana na kijana mwingine mwenye sauti nzito, Jerry Butler, wakaimba pamoja kwenye kikundi cha vijana cha kwaya. Mkumbukeni huyo Butler, anarudi sasa hivi.

Sasa gita. Wapiga gita wa humu mtanielewa zaidi. Curtis hakufundishwa na mtu. Alikuwa anabonyeza piano, na akapenda vitufe vyeusi. Alipopata gita, akalikaza nyuzi zake zifuate vile vitufe vyeusi: Fa kali, La kali, Do kali, Fa kali, La kali, Fa kali. Maana yake ukipitisha vidole bila kubana popote, gita lenyewe tayari linatoa kodi kamili (sauti zinazopatana kwa pamoja). Watu wengine wanakaza Mi, La, Re, Sol, Si, Mi, yeye hakuwa na habari hizo. Aliendelea hivyo maisha yake yote, na alipiga kwa vidole, si kwa kipande cha plastiki. Mpiga gita mzuri akipewa gita la Curtis alikuwa anapotea papohapo. Zile nota ndogondogo zinazoteleza katikati ya maneno, ambazo mashabiki wa Jimi Hendrix wanazisifu kwenye nyimbo zake za polepole, Hendrix alizisikia kwa Curtis.

Kuna mdau hapo juu kauliza kama ni yeye yule wa The Impressions. Ndiye. Naendelea.

Kikundi kilianza kama The Roosters, vijana waliotoka Chattanooga, Tennessee, wakahamia Chicago: Sam Gooden na ndugu wawili wa ukoo wa Brooks. Butler na Curtis wakajiunga, jina likabadilishwa kuwa The Impressions. Mwaka 1958 wakatoa For Your Precious Love, wimbo ukapaa. Santuri ilipotoka ikawa imeandikwa "Jerry Butler and the Impressions". Wenzake wakachukia, na mtu yeyote aliyewahi kuwa kwenye bendi anajua kinachofuata. Butler akaenda zake kuimba peke yake, kampuni ikapoteza hamu na waliobaki, Curtis akiwa na miaka 16 akajikuta hana kikundi cha maana.

Alichofanya ni kumfuata Butler kama mpiga gita wake. Hakuleta unyonge. Wakaandika pamoja He Will Break Your Heart, ikashika namba 1 kwenye chati ya nyimbo za weusi wa Marekani, yaani R&B mwaka 1960, na Curtis akawa anatunza pesa. Alipofikisha kama dola 1,000 akawakusanya wale wenzake wa zamani, Fred Cash akaingia mahali pa Butler, wakaenda New York kurekodi Gypsy Woman. Mwaka 1961 ikaingia kwenye 20 bora za Marekani, kampuni ya ABC-Paramount ikawachukua. Ndugu wa Brooks wakaondoka baadaye, wakabaki watatu: Curtis, Gooden na Cash. Hao watatu ndio Impressions ambao dunia inawajua.

Na hapa ndipo ninapotaka mkae vizuri.

Kipindi hichohicho, akiwa na umri ambao wengi wetu tulikuwa bado tunaomba nauli nyumbani, Curtis akafungua kampuni yake ya kusimamia hakimiliki za nyimbo. Kwa wasiojua mfumo wa wenzetu: wimbo una pesa za aina mbili. Kuna rekodi yenyewe, ambayo kwa kawaida ni mali ya kampuni iliyolipia studio. Na kuna utunzi, yaani maneno na tuni, ambao una hakimiliki yake. Kila redio ikipiga, kila mtu mwingine akiurudia, kila filamu ikiutumia, mrabaha wa utunzi unakwenda kwa aliyesajiliwa. Kampuni kubwa zilikuwa zinamwambia mtunzi "tusainie huu upande pia", na watunzi walikuwa wanasaini. Hata Motown, kampuni ya mtu mweusi mwenyewe, nyimbo za watunzi wake zilikuwa chini ya Jobete, ambayo ilikuwa ya bosi. Mwimbaji Sam Cooke, naye mtoto wa Chicago, alikuwa ameshaliona hilo na alikuwa na kampuni yake. Curtis akaliona naye.

Na hakuwa anajitungia mwenyewe tu. Major Lance na The Monkey Time ya 1963, ni Curtis. Mama Didn't Lie ya Jan Bradley, Curtis. Gene Chandler, Walter Jackson, wote walikuwa wanakula kalamu yake. Soul ya Chicago ya miaka ile, ile laini yenye vyombo vya kupuliza vilivyopangwa na Johnny Pate, kwa kiasi kikubwa ilitoka kwenye kichwa cha kijana huyu.

Mkilinganisha na kwetu mtaelewa. Wangapi hapa mnajua wanamuziki wa dansi ambao nyimbo zao zinapigwa mpaka leo kwenye kila harusi, na wenyewe walilipwa mara moja tu, mkono kwa mkono, kwenye kaunta ya msambazaji? Sitaji majina. Mnawajua.

Sasa tuingie kwenye ujumbe.

Mwaka 1964 Impressions wakatoa Keep On Pushing. Ukiisikiliza haraka unaweza kudhani ni wimbo wa injili, na hiyo ndiyo akili yake. Hakutaja ubaguzi, hakumtaja gavana wala polisi. Ni mtu anasema nitaendelea kusukuma, basi. Lakini mwaka huo kila mweusi wa Marekani alijua kinachosukumwa ni nini. Waandamanaji wakauchukua ukawa wao.

Mwaka 1965 ikaja People Get Ready. Hii ningeweza kuifungulia uzi wake. Treni inakuja, mjiandae, hamhitaji mzigo wala tiketi, mnapanda tu kwa imani. Muumini anasikia mbinguni. Aliyesoma historia anakumbuka kwamba mtandao wa siri wa kuwatorosha watumwa uliitwa kwa jina la reli. Na mtu wa Chicago anamkumbuka babu yake aliyepanda treni kweli, kutoka Mississippi au Louisiana, akakimbia kusini na kuja kutafuta kazi viwandani. Mambo matatu ndani ya behewa moja, na gita linanong'ona pembeni, hakuna anayepiga kelele. Namba 3 kwenye R&B, namba 14 kwenye chati ya jumla.

Sasa Bob Marley. The Wailers, kikundi cha Marley, walipoanza Kingston, Jamaika, walikuwa wanawahusudu Impressions, watatu wanaoimba kwa kupokezana, wakawaiga mpaka namna ya kusimama. One Love ya kwanza ya mwaka 1965, ile ya mdundo wa ska uliotangulia rege, ilikuwa na kipande cha People Get Ready ndani yake. Iliporekodiwa upya kwa ajili ya albamu ya Exodus mwaka 1977, jina la Mayfield likawekwa pamoja na la Marley kama mtunzi. Kila ikipigwa, upande wa Curtis una chake. Mnaona sasa karatasi zinavyofanya kazi?

Kuna kitu kidogo hapo nakipenda sana. Kwenye People Get Ready, Curtis anatamka wazi kwamba mwenye dhambi sugu, anayewaumiza wanadamu wote ili ajiokoe yeye, hana nafasi ndani ya treni. Marley amechukua ubeti huohuo akaugeuza kuwa swali: je, mtu wa namna hiyo ana nafasi? Mwandishi mpole kuliko wote wa soul ndiye aliyefunga mlango, na yule rasta aliyeitwa mkali akauacha wazi. Sikilizeni zote mbili mfululizo.

Mkuu uliyesema "hizo bado ni nyimbo za kanisa, harakati iko wapi?", sawa, twende mwishoni mwa 1967. We're a Winner. Hapa lile vazi la kanisani limevuliwa. Anawaambia watu weusi kwamba sisi ni washindi, machozi tumeshafuta, tunasonga. Vituo kadhaa vya redio vilikataa kuipiga, vikaiona ya uchochezi. Ikashika namba 1 ya R&B hivyohivyo mwanzoni mwa 1968. Wiki chache baadaye, tarehe 4 Aprili, Martin Luther King akauawa Memphis, na mitaa ya magharibi ya Chicago ikaungua moto.

Mwaka huohuo Curtis na meneja wake Eddie Thomas wakaanzisha lebo yao, Curtom. Cur ya Curtis, Tom ya Thomas. Sasa hakimiliki anayo, lebo anayo. Mwimbaji Donny Hathaway alipita pale kufanya kazi kabla hajawa jina kubwa. Kutoka Curtom wakatoa This Is My Country, halafu Choice of Colors mwaka 1969, wimbo ambao haumwoni haya mtu yeyote: unamuuliza msikilizaji, mweusi au mweupe, kama angepewa kuchagua rangi angechagua ipi.

Mwaka 1970 akawaacha Impressions kwa amani (walibaki kwenye lebo yake) akatoa albamu aliyoiita Curtis. Fungua wimbo wa kwanza. Mwanamke anaongea habari za kitabu cha Ufunuo, besi inaingia ikiwa imekwaruzwa, na Curtis anawaita watu wa kila rangi kwa majina yao ya matusi mmojammoja, kisha anawaambia kama jehanamu ipo basi tunakwenda wote. Rais Nixon, kwa mujibu wa wimbo, anasema msijali. Hiyo ni Septemba 1970, wadau. What's Going On ya Marvin ilikuja Mei 1971. Siishushi, ni albamu tamu pengine kuliko zote. Nasema tu nani alitangulia.

Kwenye albamu hiyohiyo kuna Move On Up, karibu dakika tisa. Waliozaliwa juzi mnaijua kupitia Touch the Sky ya Kanye West ya 2005, zile tarumbeta ni zake. Lakini msiishie kwenye tarumbeta. Sikilizeni tumba. Mpigaji anaitwa Henry Gibson, watu walimpa cheo cha Master, na kwa sisi tuliolelewa na muziki wa dansi, mikono ile haihitaji maelezo. Nusu ya pili ya wimbo Curtis ananyamaza kabisa, anawaachia uwanja.

Super Fly. Najua wengi ndiyo mnaisubiri.

Mwaka 1972 Gordon Parks mdogo anatengeneza filamu ya jina hilo, ya muuza kokeni wa Harlem (mtaa wa weusi New York), Priest, anayetaka kupiga dili la mwisho aache biashara. Curtis anapewa kazi ya muziki. Aliposoma maandishi aliyapenda, lakini alipoiona filamu yenyewe akaona inafanana na tangazo la unga: kanzu nzuri, gari zuri, wanawake, vijiko vya kokeni kila dakika. Wengine wangechukua pesa wakanyamaza, au wangejitoa. Yeye akaandika albamu inayobishana na filamu iliyomlipa.

Mfano ni Freddie. Kwenye filamu Freddie ni mtu wa pembeni tu, mnyonge anayetumwa, polisi wanambana, anakimbia, anagongwa na gari, hadithi inaendelea bila yeye. Curtis akamchukua huyohuyo ambaye filamu haikuwa na muda naye, akamwandikia Freddie's Dead, wimbo wa kumlilia na kuuliza kwa nini hakuna anayejali. Ndani ya filamu unasikia ala tu, maneno hayamo. Lakini maneno yalikuwa redioni kabla hata filamu haijatoka, kwa hiyo watu waliingia sinema wakijua tayari huyu jamaa anakufa na kwamba kifo chake si mzaha. Wimbo ulifika namba 4, Superfly wenyewe ukafika namba 8, albamu ikakaa namba 1 kwa wiki nne. Na lebo ilikuwa yake.

Dada uliyeuliza kama Pusherman, wimbo mwingine wa albamu hiyo, haisifii wauzaji: ukiisikiliza kwenye sherehe, unaweza kudhani hivyo, maana mdundo ni mtamu na anaimba kama yeye ndiye muuzaji, kila sifa anajipa. Mimi naona ndiyo makali yake. Anamwacha muuzaji ajieleze kwa sauti ya kubembeleza, uone jinsi anavyokuingia. Ila nakubali, wapo waliobaki na mdundo, wakatupa somo.

Baada ya hapo nitakimbia kidogo. Back to the World 1973, kuhusu askari wanaorudi kutoka Vietnam. Akawaandikia waimbaji wenye majina makubwa albamu nzima za filamu: Claudine kwa Gladys Knight, Let's Do It Again kwa Staple Singers, Sparkle kwa Aretha Franklin mwaka 1976, wakati Aretha alikuwa anahitaji mafanikio.

Msiiruke There's No Place Like America Today ya 1975. Ganda lake limetokana na picha maarufu ya Margaret Bourke-White ya mwaka 1937: watu weusi walioathiriwa na mafuriko Louisville wamepanga foleni ya msaada na ndoo mkononi, na juu yao bango kubwa la familia ya kizungu inatabasamu garini, likisifia maisha ya Kimarekani. Albamu ni kavu, polepole, nafasi nyingi kati ya vyombo. Wimbo wa kwanza, Billy Jack, ni habari ya mtu aliyepigwa risasi mtaani, na anausimulia kwa unyong'onyevu kama anayepewa taarifa kwa simu. Haikuuza kama Super Fly. Kwangu ndiyo bora kuliko zote za studio.

Halafu ikaja disko, na hapa siwezi kumtetea. Alijaribu, na sauti ile haikuumbwa kwa ajili ya kupambana na ngoma za namna ile. Kuwa na lebo yako kunamaanisha mishahara na kodi ya studio vinakusubiri hata mwaka usio na wimbo. Curtom ikafungwa mwaka 1980, akahamia Atlanta.

Tarehe 13 Agosti 1990, Wingate Field, Brooklyn, onyesho la wazi la jioni. Anapanda jukwaani na gita lake, upepo mkali unakuja ghafla, mitambo ya taa inaanguka juu yake. Shingo. Kuanzia hapo amepooza toka shingoni kwenda chini, yule mtu wa vitufe vyeusi hana tena kidole kinachosogea. Gita lile hakulipiga tena.

Miaka sita baadaye akatoa New World Order. Alirekodi akiwa amelala chali, kwa sababu hapo ndipo mapafu yalipata nguvu kidogo ya kusukuma hewa. Anaimba mstari mmoja, anapumzika, anaimba mwingine, mafundi wanaunganisha. Aretha na Mavis Staples walikuja kumshika mkono humo. Ukisikiliza kwa makini sauti imeshuka, pumzi ni fupi, lakini hakuna mahali anapoomba huruma.

Mwaka 1998 kisukari kikamchukua mguu wa kulia. Mwaka 1999 akaingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame, jumba la heshima la wanamuziki, kwa mara ya pili, safari hii peke yake, maana 1991 aliingia na Impressions. Akafariki tarehe 26 Desemba mwaka huo, Georgia, akiwa na miaka 57.

Kwa walioniuliza kuhusu Jerry Butler: aliingia siasa, akawa kamishna wa Kaunti ya Cook, ile yenye Chicago, kwa zaidi ya miaka 30, na amefariki Februari 2025. Na kwa anayetaka kumjua Curtis wa nyumbani, mwanawe Todd aliandika kitabu mwaka 2016, Traveling Soul. Hakumpaka baba yake mafuta. Yule mpole wa kwenye santuri alikuwa mgumu kuishi naye, na ile tabia ya kutaka kushika kila kitu mwenyewe, ambayo mimi nimeisifia uzi mzima, nyumbani na kwenye biashara ilikuwa na gharama zake.

Pa kuanzia kusikiliza: si Super Fly. Anzeni na Curtis/Live!, iliyorekodiwa Januari 1971 kwenye ukumbi mdogo wa Bitter End, New York. Watu watano tu jukwaani, hakuna fidla wala tarumbeta, Gibson kwenye tumba, Lucky Scott kwenye besi, na Curtis anaongea na watu katikati ya nyimbo, wanacheka naye, wanamjibu. We're a Winner ya humo inaishinda ile ya studio kwa mbali.

Anayebisha alete hoja, nipo mpaka usiku. Na yule wa Marvin, nakusubiri wewe hasa.